Kisongo au KIA: ukija Arusha kwa ndege ushukie wapi?

Ukiandika tu "Arusha" kwenye tovuti ya tiketi unaletewa viwanja viwili, mmoja una herufi ARK na mwingine JRO, na watu wengi wanabofya ile yenye bei ndogo wanaendelea na maisha. Halafu siku ya safari ndo unagundua uliyemwambia aje kukupokea amekaa uwanja mwingine kabisa, karibu kilomita 60 kutoka ulipo. Kwa hiyo tuanze na hapo: ARK ni Uwanja wa Ndege Arusha, ule wa Kisongo, kilomita kama 8 kutoka katikati ya jiji, barabara ya kwenda Makuyuni na Dodoma. JRO ndo KIA, Kilimanjaro International, uko wilaya ya Hai, katikati ya Arusha na Moshi, kutoka Arusha mjini ni kama kilomita 50 hivi na kutoka Moshi kama 40. (Hizo herufi JRO zimetolewa kwenye jina kiliman-JARO lenyewe, ukishajua hivyo huzisahau tena.)

Mi msimamo wangu nauweka mapema. Usichague kwa ukubwa wala kwa umaarufu, chagua kwa kuangalia unapolala usiku huo na unapoenda kesho yake. Mtu wa Moshi akishuka Kisongo kisa tiketi ilikuwa na unafuu kidogo, ule unafuu wote unaishia barabarani, na mtu anayeingia Serengeti kesho asubuhi akikomaa na KIA kwa sababu "ndo uwanja wa ukweli" atajikuta anavuka jiji zima alfajiri.

Wametokea wapi hawa wawili

KIA ulijengwa kwa makusudi kabisa. Ulifunguliwa Disemba 1971, kwa mkopo wa Italia wa kama dola milioni 13, na hesabu ilikuwa rahisi tu: mlima uko kwetu, Serengeti na Ngorongoro ziko kwetu, lakini mtalii alikuwa anashukia Nairobi, analala Nairobi, anakula Nairobi, ndo anakuja kwetu kuangalia wanyama na kurudi. Ukawekwa uwanja wa njia ya kurukia ya mita 3,600 hapo chini kwenye tambarare ili ndege kubwa kutoka Ulaya itue moja kwa moja. Na miaka michache tu baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa kwa miaka kadhaa, hapo KIA ukabaki ndo mlango wenyewe wa kaskazini, ingawa abiria wa kuujaza walikuwa hawatoshi na kwa muda mrefu ulikuwa uwanja mkubwa wenye ndege za kuhesabu.

Mwaka 1998 ukakabidhiwa kampuni ya KADCO kuuendesha, ikiwa na wawekezaji binafsi ndani, baadaye serikali ikachukua hisa zote, na juzi juzi hapa baada ya maneno mengi bungeni uwanja ukarudishwa kwa TAA, yani mamlaka ile ile inayosimamia viwanja vingine vya nchi. Katikati ya miaka ya 2010 ulifanyiwa ukarabati mkubwa, Uholanzi wakatia mkono, lengo likiwa kutoka uwezo wa abiria laki 6 kwa mwaka mpaka milioni 1.2. Aliyepita pale zamani na akapita sasa anaiona tofauti. Wageni wazito nao wamepita, Clinton mwaka 2000 alipokuja kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi, Bush mwaka 2008.

Kisongo ni stori nyingine. Ni uwanja mdogo wa mji uliokua na biashara ya safari, hakuna aliyekaa chini akasema huu utakuwa lango la kimataifa. Umekuzwa na vindege vya kwenda mbugani. Hata Precision Air ambayo leo watu wanaijua kama kampuni ya Dar ilianzia Arusha miaka ya 1990 mwanzoni ikikodisha ndege ndogo. Mpaka leo ukifika pale asubuhi unaona vitu viko kwa mtindo ule ule, Cessna Caravan zimejipanga, magari ya makampuni ya utalii yanashusha wazungu wenye kofia, na kila mtu ana haraka ya kuruka kabla joto halijapanda.

Kuhusu joto sio utani. Kisongo uko juu, karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari, KIA uko kama 890. Hewa ya juu ni nyepesi, ikipata na jua la saa nane mchana inakuwa nyepesi zaidi, ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu ndo inyanyuke. Sasa weka na njia fupi juu yake. Ndo maana huwezi kuona Dreamliner Kisongo, na ndo maana hata ATR, ile ndege ya kati ya mapangaboi, ikiwa imejaa siku ya joto, rubani anapiga hesabu ya uzito kwa makini na saa nyingine ni mzigo unaobaki uje na ndege inayofuata. KIA shida hiyo hakuna, njia yake ni karibu mara mbili ya hii.

Kama unataka kuelewa tofauti ya hivi viwanja bila takwimu, kumbuka tarehe 18 Disemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inaenda KIA, taarifa zikasema ndege ndogo imepata hitilafu na kuziba njia, ile kubwa ikazunguka juu, mwisho ikaenda kutua… Kisongo. Wakati huo njia ya Kisongo ilikuwa mita 1,620 tu. Ikasimama, nayo ni sifa ya breki na marubani, ila tairi ziliishia kwenye majani. Watu wa Arusha walitoka kwenda kuangalia, sio kila siku unaona dude la namna hiyo limekaa nje ya lami pale Kisongo. Halafu ndo ikaja sasa kasheshe, uwanja haukuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege ya urefu ule, abiria wakakaa ndani masaa, mwisho wakateleza kwa ile mitelezo ya dharura inayojazwa upepo. Siku chache mbele ndege ikapunguzwa uzito ikaruka ikaondoka salama. Njia ya Kisongo imerefushwa kidogo tangu hapo lakini bado ni uwanja wa ndege ndogo na za kati, usitegemee vingine.

Ndani kukoje

KIA una vile vitu vyote vya uwanja wa kimataifa kwa kiasi chake: uhamiaji, viza kwa wageni wanaolipia wakifika, kubadilisha hela, ATM, maduka yasiyo na ushuru, sehemu za kula, launji ya wenye nazo, vibanda vya laini za simu. Daraja la kuunganisha ndege na jengo hakuna, unashuka kwa ngazi unatembea kwenye lami mpaka ndani, mvua ikiwepo inakuwepo. Kinachochosha pale ni foleni ya uhamiaji zikitua ndege mbili kubwa kwa kufuatana, hasa usiku na hasa msimu wa watalii, Julai mpaka Septemba na tena Disemba. Kama unampokea ndugu anatoka nje, usianze kupata presha dakika ya 20 baada ya kutua, mpe lisaa. Na mwambie akamilishe viza mtandaoni kabla, sio kwamba haiwezekani pale, ni kwamba atapunguza mstari mmoja.

Kisongo mambo madogo madogo. Jengo la chini, ukaguzi mmoja, viti, vibanda vya vinyago na kahawa, na kahawa yake kwa kweli sio ya kubeza, kahawa ya hapa hapa mkoani. Kutoka unapoachwa na gari mpaka kaunta ni hatua chache, na unapotua begi lako unalipata haraka kwa sababu abiria wenyewe mko kumi na wawili. Mtu aliyezoea Dar ile Terminal 3 anaweza kuona pamekaa kishamba ila mimi hapo ndo napapendea, unafika, unapima, unakaa, unaitwa.

Hapo kwenye kupima sasa. Ndege za mbugani, Caravan na ndugu zake, kiwango kilichozoeleka ni kilo 15 kwa mtu mzigo wote, na wanataka begi laini sio sanduku gumu la magurudumu, kwa sababu sehemu ya mizigo iko chini ya tumbo la ndege na ni nyembamba, begi laini linasukumwa linakaa, sanduku linagoma. Kampuni nyingine zinaruhusu zaidi kidogo, soma tiketi yako. Utamkuta mtu pale kwenye mzani, namba inasoma 19, anafungua begi mbele za watu, anavaa jaketi mbili, kamera shingoni, viatu vya kupanda mlima miguuni na chaja zote mifukoni, anapima tena inasoma 15 na nusu, yule dada wa kaunta anaangalia pembeni anapitisha. Ila usitegemee huruma hiyo, ndege ikiwa imejaa haipo, maana hata nyie abiria kilo zenu zinahesabiwa na rubani anaweza kukuambia kaa mbele wewe kaa nyuma ili ndege ikae sawa. Usichukie, sio dharau.

Kwenye ATR au Q400 za Dar, zile ndege za kati, mizigo ni kawaida, kilo 20 na zaidi kutegemea tiketi, iwe Kisongo iwe KIA.

Ndege zipi ziko wapi

Kwa kifupi: chochote kinachovuka bara kiko KIA. KLM kutoka Amsterdam, Qatar kutoka Doha, Ethiopian kutoka Addis, na za jirani kama Kenya Airways na RwandAir. Ratiba zinabadilika kila msimu kwa hiyo kampuni fulani ikikosekana mwezi fulani usinilaumu. Baadhi ya hizi zinakuja jioni na usiku, jambo ambalo lina maana yake kwenye usafiri, nitalifikia.

Kisongo ndo nyumbani kwa safari za ndani za ndege ndogo: Seronera, Kogatende, Ndutu, Manyara, na Zanzibar. Coastal, Auric na wenzao. Hizi ni za mchana, kwa sababu viwanja vya mbugani vingi ni vya udongo au changarawe, havina taa, na kabla ya kutua saa nyingine inabidi gari lifukuze swala kwanza. Kwa hiyo ukitua KIA saa mbili usiku huwezi kuunganisha kwenda Serengeti usiku huo, utalala, na ukishalala Arusha mjini basi Kisongo ndo uko jirani yako. Baadhi ya hizi ndege zinapitia KIA kuchukua watu, ipo, lakini chaguo ni chache na muda ni wao sio wako.

Dar na Zanzibar ndo kuna ushindani wa kweli, maana pande zote mbili zimekuwa na safari, Precision na Air Tanzania. Hapa ndo mtu anatakiwa akae na kalamu.

Kalamu yenyewe

Nauli ya KIA mara nyingi inaonekana ndogo au sawa na ya Kisongo, kwa sababu ndege zinazotua ni kubwa na siti ni nyingi. Lakini KIA hakuna daladala inayoingia mpaka mlangoni. Una teksi za uwanjani, ambazo ni bei ya kitalii, au gari la mtu uliyempanga, au ujitoe mpaka njia panda kwenye barabara kuu, ni kilomita kadhaa, upande bodaboda na begi lako, halafu usubiri Coaster au Noah za Moshi-Arusha zikuokote. Mchana inawezekana, wapo wanaofanya hivyo na wanafika na hela zao mfukoni. Usiku usifanye, pale njia panda kumetulia mno na magari yanapungua. Kwa hiyo kama unafika KIA usiku na huna wa kukupokea, hesabu teksi kama sehemu ya tiketi, patana bei kabla mlango haujafungwa, na kama mko wawili watatu wa njia moja chukueni gari moja, hakuna aibu kumuuliza mtu mliyekaa naye siti jirani.

Kisongo uko karibu na barabara kuu, daladala za Kisongo zinapita, boda ziko nje, teksi ya mpaka mjini ni ya kawaida. Mtu peke yake mwenye kibegi anayeishi Ngarenaro au Sakina anaweza kutoka kwenye ndege mpaka nyumbani kwa hela ya soda. Hiyo tofauti ya usafiri ndo inameza unafuu wa tiketi ya KIA, na kama mko familia ya watu wanne hesabu inageuka tena, maana teksi moja inabeba wote wakati tofauti ya nauli inazidishwa mara nne. Kwa hiyo peke yako Kisongo ina nafasi nzuri, familia KIA inaweza kushinda. Piga hesabu kwa vichwa.

Halafu kuna muda. KIA mpaka Arusha mjini ni kama lisaa barabara ikiwa safi: Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, mpaka hapo Tengeru ndo unaingia barabara ya njia nne inayokupeleka mpaka Sakina. Lori moja likiharibikia kwenye zile sehemu za njia mbili ongeza muda wako. Kisongo mpaka mjini ni dakika 20, ila jioni Mbauda na Majengo panabana, hizo 20 zinaweza kuwa 50 na huna pa kukimbilia.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni upande wa jiji unaokaa. "Kisongo ni karibu na Arusha" ni kweli kama Arusha yako ni katikati au magharibi. Unakaa Usa River? KIA ndo uwanja wako wa karibu, na huna foleni ya mjini njiani. Tengeru ni katikati, ramani inasema Kisongo lakini asubuhi ya siku ya kazi mi ningeenda KIA na roho safi. Njiro inategemea, ile barabara ya mchepuo inayozunguka kusini ya jiji imesaidia sana kwa sababu unatokea upande wa pili bila kugusa Clock Tower. Moshi, Hai, Rombo, hakuna mjadala, KIA. Babati, Karatu, Monduli, Mto wa Mbu, Kisongo, kwanza uwanja uko njiani kwako kabisa.

Ukiunganisha viwanja vyote viwili

Hii ndo inaumiza watu. Tiketi mbili tofauti, umekuja Kisongo kutoka Zanzibar saa tisa alasiri, ndege yako ya Ulaya inatoka KIA jioni hiyo hiyo. Kwenye ramani inaonekana ni lisaa na kitu. Ongeza kuchelewa kwa Caravan ambayo imepitia vituo viwili, ongeza kutoka Mbauda, ongeza kule KIA wanataka ufike masaa matatu kabla, unaona unavyobanwa. Mi ningeacha masaa sita kati ya kutua na kuruka, na kama tiketi sio moja hakuna kampuni itakayokulipia ukikosa. Kuna watu wanalala usiku mmoja katikati na wanasema ni hasara, nadhani ni hela iliyotumika vizuri kuliko kununua tiketi mpya ya Amsterdam. Njia nyingine ni kutafuta ile Zanzibar–KIA moja kwa moja hata kama imezidi bei, hapo ndo nisingebana matumizi.

Angalia pia kwamba ukikata tiketi ya kwenda na kurudi mfumo unaweza kukupa kwenda ARK kurudi JRO. Wala hauna makosa, umekuchagulia cha bei rahisi. Soma herufi tatu za kila mguu wa safari, sio jina la mji.

Na Nairobi je

Lazima mtu ataliuliza. Wapo wanaoshukia Jomo Kenyatta wanachukua basi dogo mpaka Arusha kupitia Namanga, kama kilomita 270 na zaidi, kwa sababu ndege za Nairobi ni nyingi na bei inashuka. Mpakani siku hizi mnapita jengo moja la pamoja, imekuwa rahisi kuliko zamani. Ila hesabu siku nzima, na kwa mgeni anayehitaji viza zinaweza kuwa nchi mbili za kulipia, na cheti cha homa ya manjano awe nacho mkononi sababu ametokea Kenya. Kijana mwenye begi la mgongoni sawa. Mama mwenye watoto na masanduku manne, apande tu ndege mpaka KIA.

Wenye mzigo wa biashara hata wasisome yote haya, Kisongo sio yao. KIA una huduma ya mizigo, japo wakulima wa maua na mboga wa huku kwa miaka mingi wamekuwa wakipakia kwenye malori ya baridi mpaka Nairobi kwa sababu kule ndege za mizigo ni nyingi na nafasi ni ya uhakika. Kama ni boksi moja la sampuli ulizia kaunta ya mizigo ya kampuni ya ndege KIA siku mbili tatu kabla, usiende nalo siku ya safari ukitegemea litapita kama begi.

Moshi mjini nako kuna kiuwanja cha zamani, kinaonekana kwenye ramani na watu wanauliza. Ndege za kukodi zinaweza kutua, safari za ratiba za kununua tiketi usizitegemee, kwa hiyo kwenye kuchagua kwako kiondoe.